Ukumbusho: Mchoraji wa Lubumbashi na Msalaba wa Lumumba

Watu wa Katanga, kule kwenye miji ya migodi ya shaba kusini-mashariki mwa Kongo, wana Kiswahili chao. Mtanzania akikisikia kwa mara ya kwanza hutabasamu, na baada ya siku mbili tatu anaelewana nao vizuri. Katika Kiswahili hicho, miaka ya 1970, picha za rangi ambazo wafanyakazi wa migodi, makarani na walimu walizinunua ili kuzitundika sebuleni zilikuwa na jina lake. Ziliitwa ukumbusho. Picha ya namna hiyo haikuwa pambo tu. Kazi yake ilikuwa kumfanya mwenye nyumba, na mgeni aliyemtembelea, wakumbuke jambo fulani na kulizungumza.

Sisi tuliobatizwa hatuwezi kulisikia neno hilo bila kushtuka kidogo. Ni neno la Meza ya Bwana. Usiku ule aliotolewa, Yesu aliwaagiza wanafunzi wake wale na wanywe kwa ukumbusho wake, na kila tunaposhiriki Chakula cha Bwana mchungaji hulitamka tena mbele ya mkate na kikombe. Kukumbuka, katika Biblia, si kazi ya kichwa peke yake. Mungu akimkumbuka Nuhu, maji yanapungua. Akimkumbuka Hana, mtoto anazaliwa. Jambo lililokumbukwa huletwa mbele ya macho mpaka lidai kitu kwa yule anayelikumbuka.

Basi nataka tutafakari swali ambalo kwa muda mrefu limekuwa likinisumbua kama mwalimu wa theolojia. Mchoraji ana haki gani ya kutumia picha kuikemea jamii yake na watawala wake? Na, gumu zaidi, ana haki gani ya kuuazima msalaba wa Bwana wetu kwa kazi hiyo? Ningeweza kulijibu kwa maneno ya jumla, lakini maswali ya namna hii yakijibiwa kwa jumla huwa mepesi mno. Nitamtazama mchoraji mmoja, na hasa picha yake moja.

Jina lake ni Tshibumba Kanda Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 katika mji ulioitwa wakati ule Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, kwa sababu turubai la wachoraji lilikuwa ghali, kisha akazibeba picha zake na kuzitembeza nyumba kwa nyumba akitafuta mnunuzi, kama mtu anavyotembeza mayai. Katika mizunguko hiyo, mwaka 1973, alikutana na Johannes Fabian, Mjerumani aliyekuwa akifundisha anthropolojia katika chuo kikuu mjini humo. Tshibumba alikuwa na ndoto ya kuichora historia yote ya nchi yake. Kati ya mwaka 1973 na 1974 akachora picha 101, kuanzia enzi za mababu hadi utawala wa Mobutu, kisha akakaa na kuzieleza kwa Kiswahili huku kinasa sauti kikizunguka. Alisisitiza kwamba yeye ni mwanahistoria. Fikiri jambo hilo, ndugu msomaji: mtu asiye na cheo, anayeuza picha mlangoni kwa watu, anasema historia ya taifa ni yake kuisimulia.

Wateja wake hawakuwa watu wa makumbusho. Wengi walipenda kununua picha ya mamba muntu, yule nguva ambaye watu waliamini huleta utajiri kwa masharti yake. Lakini katika nyumba hizo hizo, ukuta wa pili, ungeweza kukuta picha nyingine iliyoitwa Colonie Belge, yaani Koloni la Ubelgiji. Wachoraji kadhaa waliichora, na Tshibumba aliichora mara nyingi. Ni ua wa gereza. Bendera ya Ubelgiji inapepea. Mfungwa amelazwa chini na anachapwa kiboko. Ofisa Mzungu amesimama kando akitazama. Na aliyeshika kiboko ni askari mweusi.

Hapo ndipo picha hii inapoacha kuwa malalamiko ya kawaida juu ya Wazungu. Mwenye nyumba anayeitazama baada ya kazi anaona mgongo wa mfungwa na kusema moyoni, huyu ni baba yangu. Kisha macho yanapanda kidogo na kuona mkono ulioshika kiboko, na mkono ule una rangi ile ile. Tena aliinunua picha hiyo wakati Wabelgiji walikuwa wameshaondoka zaidi ya miaka kumi, na nchi iko chini ya Mobutu, ambaye askari wake walijua kutumia kiboko vilevile. Hakuna aliyehitaji kumwambia kwamba picha ya zamani inazungumza habari za leo. Na kama askari wa Mobutu angeingia na kuuliza, jibu lilikuwa tayari: hii ni habari ya wakoloni, Bwana mkubwa.

Nabii Nathani alifanya kazi ya namna hiyo mbele ya mfalme Daudi. Hakuanza kwa kumtaja Uria wala Bathsheba. Alichora kwa maneno picha ya tajiri mwenye makundi na maskini mwenye kondoo mmoja jike, aliyelala kifuani pake kama binti. Daudi akaitazama picha, akawaka hasira, akatoa hukumu ya kifo. Akiwa bado ameshika hukumu yake mkononi, Nathani akamwonyesha kwamba mtu yule ni yeye. Somo hili la 2 Samweli 12 tumelihubiri sana kuhusu uzinzi, na ni halali, lakini huwa tunaruka swali la njia. Kwa nini nabii alitumia picha? Kwa sababu mwenye nguvu akikemewa waziwazi anajua namna ya kujitetea. Ana wasemaji wa kumtetea. Mbele ya kondoo wa maskini anakuwa mtu kama watu wengine, anahukumu kwa haki, na hukumu yake inamrudia.

Katika mafundisho ya kipaimara tulijifunza kwamba Sheria ya Mungu ni kioo. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha kwanza cha picha inayokemea. Picha inayonionyesha uovu wa jirani peke yake inanifurahisha, na nikishacheka ninakwenda kulala. Ile inayoniacha nikitafuta mahali nilipo ndani yake, kati ya mfungwa, askari, ofisa na mtazamaji, imenifanyia kazi ya Sheria, hata kama mchoraji wake hakuwahi kufungua Katekisimo.

Sasa nije kwenye picha niliyoitaja. Inahusu kifo cha Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito, tarehe 17 Januari 1961. Miili mitatu imelala chini. Lumumba ana jeraha ubavuni. Nyuma yao, kwa mbali, kuna kilima na misalaba mitatu. Mkristo yeyote anajua amepelekwa wapi. Na mchoraji hakuliacha jambo hilo kwa mtazamaji peke yake. Katika mazungumzo yake na Fabian alisema wazi kwamba kwa maoni yake Lumumba ndiye Bwana Yesu wa Zaire.

Niliwaonyesha wanafunzi wangu picha hii darasani. Mmoja wao, aliyekuwa mwinjilisti kwa miaka mingi kabla ya kuja chuoni, alisema, "Mchungaji, hii ni kufuru." Dada mmoja aliyekaa nyuma yake akamjibu, "Basi kaka, maiti hizi tuziweke wapi?" Kipindi kiliisha lakini mjadala uliendelea hadi kwenye foleni ya chakula. Naona wote wawili walikuwa wameshika jambo la kweli, na sitaki kumpuuza yule wa kwanza kwa sababu tu hoja ya wa pili inagusa moyo.

Ni kweli kwamba Lumumba hakuwa mwana-kondoo asiye na ila. Mwaka 1956 alifungwa kwa kosa la fedha za posta alikokuwa akifanya kazi. Jambo zito zaidi ni Agosti 1960, akiwa waziri mkuu, jeshi la taifa lilipotumwa kuzima uasi wa Kasai Kusini na kuua raia wengi wa Kiluba huko Bakwanga. Watu wale nao walikuwa na mama zao. Mtu akisimama kwenye kaburi la Bakwanga na kuambiwa kwamba Lumumba ndiye Bwana Yesu, atakuwa na haki ya kugeuza uso. Na sisi tunakiri kwamba kuna mmoja tu aliyekufa kwa ajili ya dhambi za ulimwengu. Damu ya mwanasiasa, hata aliyeuawa kwa dhuluma, haimwoshi mtu.

Kwa hiyo maneno ya mchoraji siwezi kuyapokea kama yalivyo. Lakini picha yake naipokea, na naona ina theolojia bora kuliko maelezo yake. Itazame vizuri. Lumumba hakutundikwa msalabani. Amelala chini, na misalaba iko kule nyuma, kilimani, kama jambo lililokwisha kutokea na ambalo bado limesimama. Hakuchukua nafasi ya Kristo. Amelala kwenye kivuli cha Golgotha. Na katika Golgotha ya kweli misalaba ilikuwa mitatu kwa sababu Bwana wetu hakufa peke yake kati ya watakatifu. Alikufa katikati ya watu wawili waliokuwa na mashtaka. Mmoja wao alikiri mwenyewe kwamba anastahili. Kama Yesu alikubali kufa kati ya watu wa namna hiyo, basi kuiweka miili ya watu wenye dhambi chini ya msalaba wake si kufuru. Ni mahali petu sote, na siku ya mazishi yangu natumaini nitawekwa hapo.

Jambo ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi ni mwili. Usiku ule wa Januari 1961 watu watatu walipigwa risasi na kikosi cha askari porini, si mbali na mji wa mchoraji wetu, mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Walizikwa haraka, kisha wakafukuliwa, na ofisa wa polisi Mbelgiji, Gerard Soete, akaikata miili na kuiyeyusha kwa tindikali. Alieleza haya yeye mwenyewe miaka mingi baadaye. Tarehe 13 Februari serikali ya Katanga ikatangaza kwamba wafungwa walitoroka na kuuawa na wanakijiji. Angalia jinsi mambo mawili yanavyokwenda pamoja. Mwili unayeyushwa ili kusiwe na kaburi, na uongo unatangazwa ili kusiwe na kesi. Wanakijiji, watu wasio na redio ya kujitetea, wakabebeshwa mauaji yale mbele ya ulimwengu.

Sisi Walutheri tunaihesabu amri ya kutomshuhudia jirani uongo kuwa Amri ya Nane, na kwa kawaida tunaifundisha kama amri ya kukataza umbeya wa kisimani. Lakini mvunjaji wake mkubwa kwa kawaida ana kipaza sauti na muhuri. Katika habari hii serikali ilishuhudia uongo juu ya waliokufa na juu ya walio hai. Mchuuzi wa picha, kwa rangi za bei rahisi na gunia la unga, akauchora mwili ambao wenye nguvu walitaka usiwepo. Mtu atasema, lakini hakuwepo. Jeraha la ubavuni hakuliona. Kweli. Wala Nathani hakuwahi kumwona yule kondoo. Picha ya namna hii haitoi ushahidi wa daktari. Inasema mambo matatu ambayo serikali ilikuwa imeyakana, kwamba walikuwepo watu, kwamba waliuawa, na kwamba kuna mtu aliyeamua wauawe. Katika hayo yote mchoraji alisema kweli.

Hata hivyo nisimfanye shujaa aliyesimama peke yake dhidi ya dola, maana mambo hayakuwa mepesi hivyo. Wakati Tshibumba anachora, Lumumba alikuwa shujaa rasmi. Mwaka 1966 Mobutu, ambaye askari wake ndio waliomkamata Lumumba Desemba 1960, alimtangaza kuwa shujaa wa taifa. Yesu aliwajua watu wa namna hii. Katika Mathayo 23 anawazungumzia wanaojenga makaburi ya manabii waliouawa na baba zao na kuyapamba. Aliyekufa hana usumbufu. Unaweza kumjengea mnara na kutumia jina lake kwenye noti. Kwa hiyo kumsifu Lumumba kwa jumla hakukuwa na hatari kubwa. Hatari ilikuwa katika kuchora namna alivyokufa, kwa sababu swali la pili la mtazamaji lazima liwe: nani alimtoa?

Na miaka ile ile kulikuwa na masihi mwingine aliyekuwa akitangazwa nchini Zaire. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo. Mwaka 1974 Krismasi ikaondolewa kwenye orodha ya sikukuu za serikali, na waziri wake mmoja akamtangaza hadharani kuwa nabii na Masihi wa taifa, na chama chake kuwa kanisa. Weka picha hizi mbili kando kwa kando. Upande mmoja mtawala aliye hai, mwenye ndege na walinzi, anavikwa jina la Kristo ili asiulizwe. Upande wa pili maiti asiye na kaburi analazwa chini ya msalaba wa Kristo ili wengine waulizwe. Wote wawili wanaazima jina moja. Lakini anayefaidika na mkopo ni nani? Sijapata kipimo bora zaidi ya hicho. Mfano wa Kristo ukitumika kumwinua aliyekwisha kuinuka, ujue ni sanamu, hata kama imechongwa na kwaya.

Nimesema kwaya kwa makusudi. Nimekaa katika ibada ambayo mgeni rasmi alifananishwa na Musa kabla bahasha yake haijafunguliwa. Tulipiga makofi. Hakuna aliyesema kufuru siku ile, wala nyingine kama hiyo. Kama tunaweza kuvumilia hayo madhabahuni halafu tukashtushwa na mchoraji aliyemlaza mtu aliyeuawa chini ya misalaba mitatu, tunapaswa kujichunguza ni kitu gani hasa kinachotushtua.

Luther, katika mjadala wa Heidelberg mwaka 1518, alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba. Wa kwanza huita ubaya wema na wema ubaya. Wa pili huliita jambo kama lilivyo. Tumezoea kulisoma hilo kama habari za mashindano ya maprofesa. Lakini kuliita jambo kama lilivyo ni kazi ambayo mchoraji anaweza kuifanya vizuri kuliko sisi wenye shahada, na mara nyingi ameifanya sisi tukiwa tumenyamaza.

Wala historia yetu wenyewe haituruhusu kusema kwamba picha na siasa si mambo ya kanisa. Matengenezo yalienea kwa picha kama yalivyoenea kwa vitabu. Mwaka 1521 Lucas Cranach, mchoraji wa Wittenberg, alitoa kijitabu cha picha zilizopangwa mbili mbili: Kristo akiwaosha wanafunzi miguu, na mkabala wake Papa akibusiwa mguu, Kristo na taji la miiba, Papa na taji lake la tabaka tatu. Mkulima asiyejua kusoma alielewa papo hapo. Mwaka uliofuata, wakati Luther yuko mafichoni Wartburg, watu wa Wittenberg walianza kuziondoa na kuzivunja sanamu makanisani. Alirudi Machi 1522 akahubiri mahubiri manane kuwatuliza. Alifundisha kwamba sanamu kwa asili yake si kitu, ila moyo unaoiegemea, na kwamba moyo hauponywi kwa nyundo.

Lakini hapa inanipasa niseme jambo ambalo halipendezi kulisema katika kitabu cha kanisa letu. Nje ya ukuta wa kanisa la mjini Wittenberg, lile alimohubiri Luther, kuna sanamu ya mawe yenye umri wa zaidi ya miaka 700 inayowadhihaki Wayahudi kwa kuwachora pamoja na nguruwe. Mwaka 1543 Luther aliitaja katika maandishi yake, kwa kuisifia dhihaka yake. Ipo hadi leo. Chini yake kumewekwa kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, na mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Shirikisho la Ujerumani iliamua kwamba haitalazimika kuondolewa. Nayo ni picha ya kukemea. Iliwekwa na Wakristo, mahali patakatifu, na inasema uongo. Inamchukua mtu asiye na nguvu mjini na kumtukana mbele ya wenye nguvu, na mtazamaji haombwi kujitafuta ndani yake hata kidogo. Hata zile picha za Cranach za mwaka 1521, pamoja na kwamba nazipenda, zina hatari hiyo. Mlutheri akizitazama anajiona upande wa Yesu tu. Hakuna mahali pake kwenye kiti cha Papa. Ndiyo maana nikipewa kuchagua kati ya kijitabu kile na ua wa gereza wa Tshibumba, nachagua ua wa gereza.

Cranach huyo huyo ana picha nyingine ninayoitafakari kila ninapofundisha mahubiri. Iko chini ya picha za madhabahu ya kanisa lile lile, iliyowekwa mwaka 1547. Luther yuko mimbarani upande mmoja, mkono mmoja juu ya Biblia, mwingine umenyoshwa. Washarika wako upande wa pili, wazee na wanawake na watoto. Katikati, peke yake, ni Kristo msalabani, na kidole cha mhubiri kinamwelekea yeye. Mhubiri hawezi kuwaona washarika bila kupitia kwa Msulubiwa, nao hawamwoni yeye bila kupitia hapo. Nadhani ndipo mchoraji wa Lubumbashi alipofika kwa njia yake. Kati ya mtazamaji na Lumumba aliweka kilima kile. Ukitaka kumtukuza marehemu, au kumlaumu, au kulipiza kisasi kwa ajili yake, misalaba mitatu inakutazama.

Sebule zetu nazo zina kuta. Kwenye nyingi ninazotembelea kuna picha ya Rais, kalenda ya dayosisi, na Yesu mwenye nywele za dhahabu akibisha mlango. Sina ugomvi na yeyote kati ya hao. Lakini mara chache sana nimekuta picha inayomfanya mgeni aulize, huyu ni nani na alifanywa nini. Tuna mambo ya kukumbuka katika vijiji vyetu na katika sharika zetu, yakiwemo yale ambayo waliohusika bado wanakaa viti vya mbele. Kijana mwenye kipaji akija ofisini kwa mchungaji na picha ya namna hiyo, aghalabu huulizwa kama anaweza kuchora mandhari ya Mlima Kilimanjaro kwa ajili ya mnada wa jengo. Ningependa kwanza aulizwe maswali machache: Je, hili unalolichora ni kweli? Aliyechorwa chini ana nguvu au hana? Na wewe mwenyewe umejichora wapi? Akiwa na majibu, tuitundike, hata kama mwenyekiti wa kamati ya ujenzi atakosa raha.

Picha zile 101 ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho. Zilichorwa kwa mtindo wa picha za sebule, na sasa anayetaka kuziona lazima awe na pasipoti. Tshibumba mwenyewe alipotea. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuna habari zake, wala kaburi lake halijulikani. Lumumba naye hakuwa na kaburi hadi juzi. Soete alikuwa amejiwekea jino lake. Tarehe 20 Juni 2022, mjini Brussels, serikali ya Ubelgiji iliikabidhi familia jino hilo, likawekwa ndani ya jeneza la ukubwa wa kawaida, likapandishwa ndege hadi Kongo. Walilizungusha nchini kwa siku kadhaa, likafika hata Katanga, mahali alipouawa, kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30. Watu walisimama njiani kuliaga jeneza ambalo ndani yake mlikuwa na jino moja, na walilia kama wanaolia mbele ya mwili mzima.